Barua ya Wazi: Fungueni Kabati, Watoto Wetu Wapime

Nakuru

Kwa Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, pamoja na maafisa wa elimu wanaoisimamia shule yetu ya msingi

KUH: UFUNDISHAJI WA VIPIMO KWA WATOTO WA GREDI YA 1 HADI YA 6

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima na taadhima. Mimi ni seremala hapa Nakuru, na nina watoto wawili katika shule mnayoisimamia, mmoja Gredi ya 2 na mwingine Gredi ya 4. Sikutaka jambo hili lifike hadharani. Mwezi wa pili nilimwendea mwalimu wa darasa, akanisikiliza vizuri, ila akasema uamuzi si wake. Mwezi wa tatu niliandika barua, nikaiacha ofisini na kutia sahihi kwenye kitabu cha wageni. Kwenye mkutano wa wazazi wa muhula wa pili niliinua mkono nikaambiwa suala hilo halimo kwenye ajenda. Nimepiga simu mara nne tangu siku hiyo, na kila mara naambiwa nitapigiwa. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo wazazi wenzangu nao watasoma. Jina la shule silitaji, kwa sababu wazazi wa shule nyingine, kuanzia Bahati hadi Molo, wameniambia kwao hali ni hiyohiyo.

Malalamiko yangu ni haya: watoto wetu wanafundishwa vipimo bila kupima chochote. Naomba mnivumilie niyaeleze moja baada ya jingine.

1. Mtoto anaanzia kwenye moja

Jumamosi moja binti yangu wa Gredi ya 4 alikuja karakana. Nilimpa kipande cha mbao cha mguu wa stuli nikamwambia anipimie urefu wake. Akaweka rula, akalinganisha ncha ya mbao na mstari wa 1, akatazama ncha ya pili, akasema, "Sentimita 24." Kipande kile kilikuwa sentimita 23. Nikamwambia apime tena. Akaanza palepale, akapata 24 ileile. Nikamuuliza mbona anaanzia kwenye moja. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo lililo wazi: "Baba, si kuhesabu huanza moja?"

Waheshimiwa, mtoto aliyenijibu hivyo anafikiri. Ukihesabu machungwa unaanza moja. Ambacho hajaonyeshwa na mtu ni kwamba sentimita ni nafasi iliyo kati ya mstari na mstari, na kwamba mstari wenyewe hauna urefu wowote. Nilifungua daftari lake jioni ile. Mita 3 ni sentimita 300, sawa. Mita 5 na sentimita 40 ni sentimita 540, sawa. Maswali kumi, alama kumi. Mtoto huyo wa kumi kwa kumi hawezi kunipimia mguu wa stuli.

Karakana tunayo tepu moja ya zamani iliyokatika ncha, na sentimita chache za mwanzo zimeng'oka. Hatukuitupa. Mafundi wengi wanayo tepu kama hiyo: unaanzia kwenye 10, halafu unaondoa 10 kwenye jibu. Nilimpa binti yangu tepu hiyo, nikamwekea 10 kwenye ncha ya mbao, akasoma 33 kwenye ncha ya pili. Alinyamaza. Alijua mbao haikuongezeka urefu. Akaanza kupitisha kidole, 10 hadi 11 moja, 11 hadi 12 mbili, mpaka akafika mwisho na kupata 23. Kisha akaichukua rula yake mwenyewe, akaanza kwenye sifuri bila kuambiwa. Halafu akaisogeza, akaanzia kwenye 5, akasoma 28, akacheka: "Bado ni 23!"

Haikuchukua hata nusu saa. Nasimulia haya ili muone kilichotumika: tepu iliyovunjika, kipande cha mbao, na nafasi ya mtoto kugusa kwa mkono wake.

Kosa hilohilo naliona kwa vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi baada ya kumaliza shule. Wana vyeti vyao, na hesabu za karatasini wanazifanya. Mwaka jana mmoja alikata milango miwili ya kabati, yote ikapungua sentimita moja. Sentimita moja kwenye mlango wa kabati ni mbao ya kutupa. Alikuwa ameanzia kwenye moja.

2. Vifaa vipo, ila vimefungiwa

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Kwenye kabati la ofisi ya shule kuna mizani ya sahani mbili na mawe yake, jagi za plastiki zenye alama za lita, na saa ya mbao ya kufundishia yenye mishale inayozungushwa kwa mkono. Nimeviona kwa macho yangu, na mizani bado ina vumbi la safari yake ya kuja.

Mwezi wa tatu, nilipoleta barua, nilileta pia vijiti 12 vya mita. Nilivitengeneza kwa masalio ya mbao za saipresi. Nilivipiga randa mpaka vikawa laini visimchome mtoto, nikavitia mistari kila sentimita 10 kwa msumeno mwembamba na mistari ya sentimita kwa kisu. Upande mmoja nilichoma nambari kwa chuma cha moto, zikaanza na sifuri. Upande wa pili niliacha mistari mitupu bila nambari, ili mtoto ahesabu nafasi mwenyewe. Usiku mbili nzima. Nikavifunga pamoja kwa kamba ya katani na kuvikabidhi.

Mwezi wa saba nilifika ofisini kwa jambo la karo ya chakula. Vijiti 11 vilikuwa juu ya kabati, vimefungwa kwa kamba ileile na fundo lilelile nililofunga mimi. Cha 12 kilikuwa kimewekwa dirishani kuzuia kioo kisipigwe na upepo.

Sikusema neno siku ile. Nasema sasa.

3. Uzani na ujazo vimebaki ubaoni

Mtoto anaandika kuwa kilo 1 ni gramu 1,000. Mwulize kilo moja ni nzito kiasi gani, atakutazama tu. Ilhali pakiti ya unga ya kilo 2 imo katika kila duka la mtaa, mkate ni gramu 400, na maziwa ya pakiti ni mililita 500. Mtoto akiinua pakiti ya unga kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine, ameanza kujua uzani. Akiviweka kwenye mizani ya sahani mbili na kuona upande mmoja unashuka, amejua zaidi. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kusubiri pesa kutoka Nairobi.

Kwa kijana wangu wa Gredi ya 2 nilijaribu jambo jingine. Nilimimina kikombe cha maji kwenye glasi ndefu nyembamba, na kikombe kilekile cha maji kwenye bakuli pana, mbele ya macho yake. Nikamuuliza yapi ni mengi. Akasema ya glasi, kwa sababu "yamefika juu." Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, alinieleza kuwa Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswizi, alilichunguza hilo kwa watoto miaka mingi iliyopita: mtoto wa umri huo hushika kimo cha maji na kusahau upana wa chombo. Mtoto hana kosa. Lakini anahitaji kumimina, kurudisha, na kumimina tena kwa mikono yake mpaka aamini. Mchoro wa jagi ubaoni haumimini maji.

Msidhani haya ni mambo ya mchezo. Pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji, anayopewa mtoto anayeharisha, huandikwa kiasi cha maji yanayohitajika. Ukipunguza maji, mchanganyiko unakuwa mkali na unaweza kumdhuru mtoto. Ukizidisha, haumsaidii inavyopaswa. Nyumba nyingi, anayetumwa kuleta maji hayo kwa chupa au kikombe ni mtoto wa shule ya msingi.

Na hapa kwetu Nakuru kuna viazi. Mama yangu analima viazi kule Molo. Nilikuwapo dalali alipofika na gunia lililoshonewa wavu juu, viazi vikajazwa mpaka vikafanya kilemba, lumbesa tunayoijua sote. Mama akalipwa gunia moja. Binti yangu alisimama kando akauliza, "Nyanya, hilo ni gunia moja au moja na nusu?" Mama hakuwa na mizani ya kumjibu, na dalali hakutaka iwepo. Kanuni za viazi za 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kanuni ipo, lumbesa ipo. Watoto waliojaa madarasani mwetu ni wa wakulima, wa madalali na wa wachuuzi wa sokoni, na wote hao wataishi kwa mizani. Ningependa swali la binti yangu liulizwe darasani, mizani ikiwa mezani, watoto wapime debe la viazi na kuhesabu ni madebe mangapi yanafika kilo 50.

4. Hatua ya kwanza inarukwa

Mtaala wa umilisi, ambao sote tunauita CBC, unataka watoto wadogo waanze kwa kulinganisha na kwa vipimo visivyo rasmi kabla ya kufika kwenye mita na kilo. Kwa kijana wangu hatua hiyo ilipita kwa picha mbili za kupaka rangi. Na Kiswahili kimejaa vipimo vya mwili! Shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole, ambao ni shibiri mbili. Pima, mikono yote miwili ikinyooshwa, ambayo ni mikono minne. Mtoto wa Gredi ya 1 apime dawati kwa shibiri zake, mwalimu alipime kwa zake. Majibu yatapishana, watoto watabishana, na katika ubishi huo wataona wenyewe kwa nini watu walikubaliana kuwa na mita moja kwa wote.

5. Saa mbili zinazopigana

Shuleni mtoto anasomeshwa kwa Kiingereza kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 8, saa ni nane. Nyumbani tunamwambia ni saa mbili. Kijana wangu aliitazama saa ya ukutani asubuhi, mshale uko kwenye 7, mama yake akamhimiza kuwa saa moja imefika, akauliza, "Mama, saa yetu imeharibika?" Hakuna aliyewahi kumweleza kuwa Kiswahili huhesabu saa tangu kucha, na kwamba sisi tulio karibu na ikweta jua letu huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, ndiyo maana hesabu hiyo inatufaa. Wala hajaonyeshwa kwamba nambari ya Kiswahili iko mkabala na ile ya Kiingereza usoni mwa saa: 8 inatazamana na 2, 7 inatazamana na 1. Saa ya mbao iliyo kabatini ingemwonyesha kwa dakika tano.

6. Futi na mita

Hili nitalisema kwa ufupi. Shule inafundisha mita na sentimita, na ni sawa. Lakini mtoto akitoka nje ya lango, mbao inauzwa kwa futi, misumari kwa inchi, kitambaa kwa mita na ploti ni "hamsini kwa mia." Wengi huamini kuwa ploti hiyo ni sehemu ya nane kamili ya ekari. Ekari ina futi mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Watoto wa Gredi ya 5 na ya 6 wanaweza kuikokotoa tofauti hiyo wenyewe, na watairudisha nyumbani kwa wazazi wanaotafuta ploti.

Sasa, najua majibu nitakayopewa, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema watoto ni wengi. Ni kweli, darasa la binti yangu lina watoto 64 na mwalimu mmoja. Walimu siwalaumu hata kidogo; nimewaona wakisahihisha madaftari chini ya mti jua likizama. Lakini vijiti 12 kwa watoto 64 ni watoto watano au sita kwa kijiti kimoja. Mmoja anashika ncha, mwingine anasoma, wa tatu anaandika, waliobaki wanakadiria kabla ya kupima, kisha wanabadilishana. Wapeni uwanja, wapime goli hadi goli. Kelele zitakuwepo.

Mtasema vifaa vitavunjika au vitaibiwa. Kijiti kikivunjika nitakitengeneza bila malipo, na hata kile kilichovunjika kitafundisha, kama tepu yangu. Kifaa kinachozeeka kabatini bila kuguswa nacho kimepotea, tofauti ni kwamba hakuna aliyeandika kuwa kimepotea.

Mtasema mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka na huchelewa kufika. Najua, na nawaunga mkono mkililalamikia hilo. Ila sikuomba mnunue kitu. Chupa tupu za nusu lita na za lita moja zimejaa kila mtaa. Kamba yenye fundo kila baada ya mita moja ni ya shilingi chache. Mizani tayari mnayo. Najua pia kuwa wazazi wengi wamechoka kutumwa vifaa vya CBC kila wiki, nami ni mmoja wao. Siombi wazazi watumwe.

Mtasema muda hautoshi, kuna mtihani. Tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 ni ya kuchagua jibu, na mtoto anaweza kuchagua "mita 2" kuwa urefu wa mlango bila kuwahi kusimama na kijiti mlangoni. Lakini kuna tathmini za shuleni pia, ambazo mtoto hupewa kazi ya kufanya. Hapo ndipo pa kumwambia: pima kitu hiki, tuone unavyofanya.

Na yupo aliyeniambia kwamba mimi ni seremala, si mwalimu. Ni kweli. Lakini watoto hawa wakimaliza huja kwa watu kama mimi: kwa mafundi wa mbao, wa nguo, wa ujenzi, kwa wenye maduka ya dawa na kwa wenye mashamba. Sisi ndio tunaoona kile ambacho hawakufundishwa.

Ninachoomba, kwa heshima, ni haya. Kwanza, kabati lifunguliwe, na vifaa vyote vya vipimo viorodheshwe na kugawiwa madarasani kabla ya wiki ya pili ya muhula ujao, si kukaa ofisini. Pili, kila darasa, kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 6, lipate angalau kipindi kimoja kwa wiki ambacho watoto wote wanapima kwa mikono yao, na kipindi hicho kionekane kwenye ratiba ya ukutani ili mzazi akifika akione. Tatu, maafisa mnaokagua shule, mnapokuja msitosheke na madaftari. Mpeni mtoto mmoja rula na penseli, mtazame anaanzia wapi. Nne, Bodi iniruhusu mimi na mafundi wengine wazazi, kuna fundi cherehani na mama anayeuza nafaka sokoni ambao wamekubali, tuje Jumatano mbili kwa muhula tukae na watoto chini ya usimamizi wa mwalimu wao. Hatudai malipo. Na tano, nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, pamoja na sababu zake.

Kwa sasa nimetengeneza vijiti vingine 12. Viko karakana, vimesimamishwa ukutani karibu na mlango. Safari hii sikuvifunga kwa kamba.

Wenu katika kuwalea watoto hawa,

Mzazi wa Gredi ya 2 na ya 4,
Seremala, Nakuru